Madaftari ya Mjukuu Wangu

Likizo ya Juni mwaka 2023 mjukuu wangu, aliyekuwa Kidato cha Pili, alikuja kukaa nasi kwa wiki tatu. Alikuja na begi zito la madaftari, maana walimu walikuwa wamempa kazi za likizo. Jioni moja umeme ulikatika mapema. Nikawasha taa ya chemli, nikayachukua madaftari yake manane na kuanza kuyasoma moja baada ya jingine, tangu jalada hadi jalada, kama mtu asomavyo vitabu vya mwandishi mmoja ili apate kumfahamu.

Nimesahihisha madaftari yasiyo na idadi katika utumishi wangu, lakini nakiri kwamba ni machache mno niliyoyasoma. Kusahihisha na kusoma ni mambo mawili. Msahihishaji anatafuta kosa. Asipoliona huweka vema na kuvuta daftari linalofuata. Tena sikuwahi hata siku moja kumsoma mtoto mmoja katika masomo yake yote. Mwalimu wa Historia huona daftari la Historia, wa Kemia la Kemia, kila mmoja na kipande chake. Mtoto anaandika kutwa nzima, na hakuna mtu anayeona yote aliyoyaandika.

Mwandiko wa binti huyu ni mzuri. Tarehe iko mahali pake, vichwa vya habari vimepigiwa mstari kwa rula, michoro ina majina. Ningekuwa bado kazini ningesaini na kuandika "kazi nzuri, endelea". Lakini nilipofika daftari la nne nilianza kuingiwa na shaka. Sikumwona mjukuu wangu mle ndani. Huyu ni msemaji. Akisimulia safari ya basi kutoka shuleni, sisi mezani tunaacha kula kwa kucheka. Katika kurasa zote zile nilitafuta sentensi moja ambayo ingekuwa yake, nikaipata moja tu. Ilikuwa pembezoni mwa daftari la Hisabati, imeandikwa kwa penseli, herufi ndogo kama za mtu anayenong'ona: "Hapa sijaelewa kwa nini alama inageuka." Hesabu yenyewe alikuwa ameipata. Mwalimu aliweka vema yake jirani kabisa na swali lile, akapita.

Daftari lililonikalisha kitako ni la Baiolojia. Mlikuwa na ripoti ya jaribio la kupima vyakula. Msomaji aliyepitia sekondari atalikumbuka lile jedwali la safu nne: kilichopimwa, utaratibu, kilichoonekana, hitimisho. Walikuwa wamepewa maji ya tunda lililopondwa, watafute sukari kwa kutumia myeyusho wa Benedict. Myeyusho huo ni wa buluu. Ukitiwa kwenye chakula chenye sukari ya namna ile kisha ukachemshwa, hugeuka kijani, kisha njano, kisha rangi ya chungwa, na mwisho hufanya mashapo mekundu kama tofali. Mjukuu wangu alikuwa ameyaandika mabadiliko hayo yote kwa hatua zake, kwa Kiingereza kisicho na kosa. Alipata alama kumi kwa kumi.

Asubuhi yake, alipokuwa akichagua mchele, nilimuuliza, "Hivi ile rangi ya tofali ilikuwaje? Ni tofali la kuchoma au lile bichi?"

Akacheka. "Babu, kwa kweli sisi hatukuiona. Yetu iliishia kijani."

"Sasa mbona umeandika nyekundu?"

"Ndivyo inavyotakiwa kuandikwa, babu."

Alinieleza bila haya yoyote, kwa sababu hakuona kuwa kuna la kuonea haya. Kikundi chao kilikuwa na wanafunzi kumi na wawili, taa ya spiriti moja, na kipindi kilikuwa kinakwisha. Jedwali walikuwa wameshapewa wiki iliyotangulia, wamelinakili na kulikariri. Walipoingia maabara walikuwa wanajua tayari watakachoona, hivyo kutokukiona hakukuwa na uzito.

Nataka msomaji anielewe hapa. Simlaumu mtoto, na wala silichukii jedwali. Ni chombo kizuri kilichobuniwa na watu wenye akili. Safu ya tatu ndiyo Baiolojia yenyewe. Ile ya pili mtu anaweza kuambiwa, na ya nne anaweza kuifikiria, lakini ya tatu haina njia nyingine isipokuwa macho. Na kijani ni jibu! Kijani kinaweza kusema kwamba sukari ipo lakini ni kidogo, au kwamba moto haukutosha. Mtoto ambaye angeandika "iliishia kijani" angelazimika kujiuliza ni lipi kati ya hayo, na hapo ndipo sayansi ingeanza. Alipoandika nyekundu, swali lilikufa.

Hata lugha ya ripoti inasaidia kuficha. "Iliongezwa, ilichemshwa, ilionekana." Ilionekana na nani? Najua sababu ya mtindo huo, maana nimeufundisha: mwanasayansi hujiondoa katika sentensi ili kuonyesha kuwa yeyote atakayefanya hivyo ataona hivyo. Lakini mtindo huo ulitengenezwa na watu waliokuwa wamekwisha kuona. Ukimpa mtoto kabla hajaona, anapata pazia la kujifichia, na pazia hilo linampa alama kumi.

Nilipotoka hapo nikaingia kwenye Historia. Somo hili linasumbuliwa na ugonjwa wa namba. "Eleza sababu sita za kushindwa kwa Vita vya Maji Maji." Utangulizi, aya sita, hitimisho. Silaha duni, kukosa umoja, imani ya maji, Wajerumani kuongezewa askari, na kadhalika. Hakuna hoja hata moja iliyokuwa ya uongo. Kasoro yake ni kwamba zilianguka kutoka mbinguni. Hakuna aliyezisema, hakuna aliyeziona, hakuna anayezibishia. Mtoto anajua kwamba vita vilianza mwaka 1905 katika milima ya Umatumbi, ila hajui kwamba kuna mtu aliyewahi kwenda kuuliza.

Nami nakumbuka walikwenda. Mwaka 1968 idara ya historia ya Chuo Kikuu pale Dar es Salaam iliwatuma wanafunzi wake vijijini kukaa na wazee waliokuwa wangali hai na kuandika masimulizi yao ya vita hivyo. Mengi ya tunayoyajua leo juu ya Maji Maji kwa upande wa waliopigana yalipita katika kalamu za wanafunzi hao. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kitanzania amewahi kuandika Historia iliyokuwa haijaandikwa, na hizo aya sita ni makapi ya kazi ile, yaliyopepetwa na kupepetwa tena hadi hakuna punje.

Bibi wa mjukuu wangu upande wa mama ni mzaliwa wa Songea, mji ambamo viongozi wa Wangoni walinyongwa tarehe 27 Februari 1906. Anayo masimulizi ya nyanya yake kuhusu njaa iliyofuata, jinsi watu walivyochimba mizizi porini. Nilimuuliza binti kama amewahi kumwuliza bibi yake. Akasema hakujua kuwa hayo ni Historia. Alidhani ni hadithi za bibi.

Mtu ataniambia, haya yote ni kwa sababu ya Kiingereza. Mtoto alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili miaka saba, akaingia Kidato cha Kwanza na kukuta masomo yote isipokuwa Kiswahili yamegeuka lugha, sasa afanye nini kama si kukariri? Hoja hii ina nguvu, na si mimi niliyeianza. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Mimi ninaliunga mkono hadi leo. Lakini nilifungua na daftari la Kiswahili.

Lilikuwa na insha tatu. Zote tatu zilianza alfajiri. Jua linachomoza, ndege wanaimba, umande unameremeta juu ya majani, hata pale ambapo kichwa cha insha ni "Ajali Niliyoishuhudia". Kila insha ilikuwa na methali mbili mwanzoni na moja mwishoni, na chini mwalimu ameandika, "Umetumia tamathali vizuri." Ajali yenyewe ilipata mistari minne. Sikujua kama gari lilikuwa basi au lori, wala barabara ilikuwa ipi, wala nani alipiga kelele kwanza. Hapo lugha ilikuwa ya nyumbani, na bado mtoto hakuwepo. Lugha ngeni inazidisha ugonjwa, lakini si yenyewe iliyouleta.

Kizazi changu kilifundishwa kumwenzi Shaaban Robert, ambaye mwaka 1954 alitoa kitabu kizima, Kielezo cha Insha, kwa ajili ya wanaojifunza kuandika. Tulichofanya ni kuziokota sentensi zake. Yeye alikuwa mtu anayefikiri huku akiandika. Sisi tukachukua mapambo, tukayafanya mtihani. Utungaji tukaupa kipindi kimoja kwa wiki ndani ya somo moja, kana kwamba katika masomo mengine hakuna cha kutunga.

Sasa nifike mahali panaponiuma.

Mwaka 1974 nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya msingi mkoani Singida. Mimi si mtu wa huko. Nilikulia upande wa mvua mbili, na nukuu zangu za Jiografia nilizibeba kutoka daftari langu mwenyewe la shule. Niliandika ubaoni kwamba nchi yetu ina misimu miwili ya mvua, vuli na masika, watoto wakanakili. Katika jaribio la mwisho wa mwezi kijana mmoja wa Darasa la Sita, mtoto wa mfugaji, mkimya, aliandika: "Kwetu mvua ni moja. Inaanza mwezi wa kumi na mbili inaisha mwezi wa nne." Nikampiga mkasi wa wino mwekundu, na pembeni nikaandika, "Soma nukuu zako!"

Darasa lile lote liliishi chini ya mvua hiyo moja. Mimi mwenyewe nilikuwa nikinywa maji yaliyochotwa kwenye vishimo vya mchanga katika mto mkavu tangu Juni hadi Novemba, nikimngojea huyo vuli asiyekuja. Macho yangu yalikuwa yanaona na mkono wangu unasahihisha, na viwili hivyo havikukutana. Nililitambua kosa langu msimu wa tatu, nikiwa shambani na wanafunzi, nilipomsikia mzee mmoja akiutaja mwaka kwa mvua yake. Kijana alikuwa amekwisha kuondoka. Katika mitihani iliyofuata aliandika "vuli na masika" kama wenzake, nikampa vema. Nimemfikiria mara nyingi kuliko wanafunzi wangu waliopata vyeo.

Cha ajabu ni kwamba shule ileile ilikuwa na daftari moja zuri kuliko yote niliyowahi kuyaona, nalo halikuwa la somo. Lilikuwa daftari la shamba. Ilikuwa miaka ya Elimu ya Kujitegemea, tuna ekari za mtama na alizeti, na viranja wa kilimo waliandika kila siku: nani alikuja na jembe, mvua ilinyesha usiku au mchana, ndege wameshambulia upande gani. Mtoto mmoja aliandika kwamba mtama wa upande wa kichuguu umetangulia kuchanua kwa siku tano, na akauliza iwapo udongo wa mchwa una mbolea. Hakuna aliyemfundisha kuandika hivyo. Alikuwa na kitu cha kuona, na kulikuwa na watu waliotaka kujua, maana chakula cha mchana kilitegemea mtama huo. Daftari lile halikuwahi kupewa alama, na mimi nilidhani kwa sababu hiyo si maandishi.

Miaka ya mwisho ya utumishi wangu nilikuwa Mkuu wa Chuo cha Ualimu. Mtu angetegemea kuwa nilikwenda huko na somo la Singida mkononi. La hasha. Nilikwenda na mhuri. Siku moja niliwatembelea wanachuo waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Nilifika kabla ya kengele, nikaomba jalada la mmoja wao. Andalio la somo lilikuwa limekamilika: hatua, muda, kazi za mwalimu, kazi za wanafunzi, na chini kabisa, sehemu ya tathmini, ameandika, "Somo limeeleweka kwa asilimia themanini." Somo lilikuwa halijafundishwa. Wanafunzi walikuwa bado wanafagia uwanja.

Nilimwita kando nikamuuliza. Akanijibu kwa adabu, "Shikamoo Mkuu. Nikimaliza kipindi sipati nafasi, na majalada yanakaguliwa saa nne yakiwa kamili."

Agizo hilo la saa nne lilikuwa langu. Lilikuwa limebandikwa kwenye ubao wa matangazo wa chuo, na sahihi yangu chini.

Ndiyo maana mjukuu aliponiambia "ndivyo inavyotakiwa kuandikwa", sikuwa na ujasiri wa kumlaumu mwalimu wake. Mwalimu wake huenda alipita mikononi mwangu au mikononi mwa watu kama mimi.

Niwatetee walimu kidogo, kwa kuwa wanaowasema ni wengi na wanaohesabu ni wachache. Darasa la wanafunzi themanini likiandika ukurasa mmoja mmoja, na mwalimu akatumia dakika tano tu kwa kila ukurasa, ni dakika mia nne, karibu saa saba. Akiwa na mikondo minne ni saa ishirini na sita na dakika arobaini, kwa zoezi moja. Hakuna mtu anayeweza. Ndipo yanapozaliwa majibu ya neno moja, nafasi za kujaza, na a, b, c, d. Mwaka 2012 majibu ya mtihani wa Darasa la Saba yalianza kusahihishwa kwa mashine, watoto wakawa wanasiliba viduara kwa penseli. Baadaye maswali machache ya kuandika yalirudishwa, na nilifurahi. Lakini mtihani ukishasema kwamba jambo halina alama, mwalimu mwenye mikondo minne haraka sana huliacha, nami katika hali yake ningeliacha.

Tena mitaala haina hatia kubwa. Ule wa sekondari wa mwaka 2005 ulikwisha kusema kwamba mwanafunzi ajenge umahiri, si kukariri, na ulioanza kutumika mwaka 2024 umesema hivyo tena kwa sauti kubwa zaidi. Maneno yapo. Ila niliwaona wanachuo wakilinakili neno "umahiri" ubaoni, wakilipigia mstari kwa rula.

Katika mwaka wangu wa mwisho chuoni nilijaribu jambo dogo, baada ya kisa cha yule mwanachuo. Niliwaomba wakufunzi watatu, wa Sayansi, wa Jiografia na wa Hisabati, wawaache wanachuo wao dakika tano kabla ya kengele waandike mistari mitatu: nini umekiona leo ambacho hukukitegemea, au nini hukukielewa. Bila alama. Mkufunzi asome kumi tu, achague bila mpango, na aanze kipindi kinachofuata kwa kujibu kimoja. Mkufunzi wa Sayansi aliacha baada ya wiki mbili, akasema muda hautoshi. Wa Jiografia aliendelea kwa kunistahi. Wa Hisabati, ambaye nilidhani ndiye atakayekataa kwanza, alikuja ofisini na karatasi mkononi. Amefundisha miaka kumi na tisa, alisema, na hakujua kuwa mwanachuo anaweza kupata jibu sahihi kwa njia ambayo yeye mwenyewe haielewi. Sijui kama aliendelea baada ya mimi kustaafu. Sikuacha agizo, na labda hilo ndilo la pekee nililolifanya sawasawa.

Wiki ya mwisho ya likizo nilimtuma mjukuu wangu duka la dawa akanunue kichupa cha iodini, ile ya kutia vidonda. Iodini ikigusa wanga hugeuka buluu iliyokoza karibu na weusi. Jikoni tulikuwa na muhogo, ugali wa jana, ndizi mbichi, na ndizi moja iliyoiva hadi madoa. Nikamwambia andika unachokiona, kwa lugha yoyote, na usiandike kabla hujakiona. Bibi yake akalalamika kwamba tunachezea chakula.

Muhogo uligeuka mweusi papo hapo. Ugali vilevile. Ndizi mbichi nayo ikawa nyeusi, lakini ile iliyoiva ilibaki na rangi ya iodini, isipokuwa katikati kwenye kiini, kulikokuwa na doa dogo jeusi. Binti alilikodolea macho doa lile kwa muda mrefu. Aliandika mistari saba, akafuta miwili, akaandika tena. Alisema wanga umegeuka sukari lakini bado haujamalizika, na kwamba ndizi inaonekana kuiva kutoka nje kwenda ndani, ila hana hakika, inabidi kukata nyingine tatu au nne. Tukazikata. Bibi yake akanyamaza, akaja kuangalia.

Siku ya kuondoka nilimwona akichana ukurasa ule taratibu, asiharibu waya wa daftari. Daftari la Baiolojia lingekaguliwa shule zikifunguliwa, aliniambia, na ukurasa ule haukuwa na jedwali. Nilimwomba anipe. Nimeuweka ndani ya bahasha moja na vyeti vyangu vya ualimu.